Kibaba cha Watasema

Jina alikuwa nalo kabla sijafika. Alipewa na mpangaji aliyekaa chumba changu, na kama yalivyo majina mengi ya mbwa wa uswahilini, lilikuwa la majirani kuliko la mbwa mwenyewe. Ukipita mitaani kwetu Morogoro jioni utasikia watu wakiita Hayawahusu, Mtachoka, Semeni. Mwenye mbwa anasimama mlangoni, anapaza sauti, na aliyekusudiwa anasikia. Mpangaji yule alipohama alibeba kitanda, jiko la gesi, televisheni na mapazia. Watasema akabaki chini ya mwembe na jina lake.

Hakuna aliyemtesa. Nalisema hili mapema kwa sababu ukionesha mtu picha ya mbwa aliyekonda, swali la kwanza huwa: nani kamfanyia hivi? Kwetu hakukuwa na mtu mbaya. Kulikuwa na nyumba ya vyumba sita, na kila chumba kikiamini kwamba chumba kingine kimeshamrushia kitu. Mbwa wa wote ni mbwa asiye na sahani. Nilipohamia alikuwa ameishi hivyo kwa miezi kadhaa. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa umesimama getini. Mifupa ya nyonga ilisimama kama vishikio vya baiskeli, na uti wa mgongo ulionekana pingili kwa pingili chini ya ngozi. Alikuwa akitikisa mkia kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu nauli iliyobaki.

Dirisha langu linatazama mwembe ule. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Kazi zangu nafanyia chumbani, kwenye kompyuta, na kila nikiinua kichwa tulikuwa tunatazamana.

Nilipotangaza kwamba nitamlisha, ushauri ulikuja kutoka vyumba vyote. Mpe ugali wa moto na mchuzi, alale ameshiba. Mpe utumbo mbichi, mbwa ni mnyama wa damu. Mpe maziwa lita nzima. Fundi anayekaa chumba cha tano alijitolea kuleta kiroba cha unga ulioingia ukungu: wa kutupa, alisema, lakini mbwa hachagui. Kila mtu alitoa alichonacho, na ushauri wote ulikuwa na neno moja ndani yake. Mshibishe.

Daktari wa mifugo alisema kinyume. Nilimpeleka kwa bajaji, dereva akadai nauli ya watu wawili, nikalipa. Daktari alikuwa kijana kama mimi. Kwanza hakumdunga sindano wala kumpa kidonge, alimpapasa. Alipitisha vidole kwenye mbavu, akashika kiuno, akabonyeza juu ya mkia kutafuta mafuta ambayo hayakuwepo. Akanieleza kwamba madaktari wa mbwa wana ngazi ya kupima unene, kuanzia 1 hadi 9. Mbwa mwenye afya yuko kwenye 4 au 5. Moja ni mifupa iliyovikwa ngozi. Tisa ni mbwa asiyeweza kupanda ngazi za nyumba. Watasema alipewa 2. Mizani ikasema kilo 10. Kwa umbo lake, daktari alikadiria alipaswa kuwa na 14.

“Sasa sikiliza, kaka,” alisema. “Usimshibishe.”

Alichonieleza baadaye nimekisoma mara nyingi, na bado kinanishangaza. Mwili unaokaa na njaa muda mrefu hujila wenyewe. Huanza na sukari iliyowekwa kwenye ini, kisha mafuta, kisha misuli. Wakati huo huo madini yake ya ndani, hasa fosforasi, potasiamu na magnesiamu, yanapungua kimya kimya. Mnyama anaweza kuishi hivyo kwa muda kwa sababu mwili umepunguza kila kitu, kama familia inayozima taa na kulala mapema ili kuokoa umeme. Halafu siku moja mtu mwenye huruma anakuja na sufuria ya ugali. Wanga unaingia kwa wingi, kongosho linamwaga insulini, insulini inafungua milango ya seli, na sukari inapoingia inaburuta ile fosforasi na potasiamu kidogo iliyobaki kwenye damu. Damu inabaki tupu. Misuli inalegea, kupumua kunakuwa kazi, moyo unapoteza mdundo. Mnyama aliyevumilia miezi ya njaa anaweza kufa ndani ya siku chache za kwanza za kushiba.

Kwa hiyo tulianza na hesabu. Kuna kanuni ya kukadiria nishati anayohitaji mbwa aliyelala tu, asiyefanya kazi yoyote: uzito wake kwa kilo unapandishwa kwenye kipeo cha 0.75, kisha jibu linazidishwa kwa 70. Kwa kilo 10 unapata karibu kalori 390 kwa siku. Hapo ndipo tulipotakiwa kufika, lakini siyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza robo yake. Ya pili nusu. Ya tatu robo tatu. Ya nne, kama hajaharisha, hajatapika wala kulegea, kiasi kamili. Na kila siku chakula kigawanywe mara sita. Wanga uwe kidogo. Protini na mafuta yawe mengi zaidi, kwa kuwa hayaamshi insulini kwa fujo kama wanga.

Nilitafuta kipimo nikakipata jalalani: kopo la nyanya la gramu 70. Nilichemsha mayai na dagaa wa ziwani waliolowekwa na kuoshwa mchanga, nikaponda pamoja na wali laini kidogo na mafuta ya alizeti. Kopo moja la mchanganyiko ule lilikaribia kalori 100. Hapo nikakumbuka vipimo vya bibi zetu, kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Siku ya kwanza Watasema alikula kibaba kimoja, kwa vijiko, kuanzia alfajiri hadi usiku. Siku ya pili vibaba viwili. Siku ya nne alimaliza pishi.

Ni rahisi kuandika hivyo. Kutazama ni jambo lingine. Mbwa mwenye njaa akipewa kijiko kimoja cha yai anakimeza kabla hujainuka, kisha analamba sahani mpaka inasogea kutoka kivulini hadi juani, kisha anakutazama. Hajui fosforasi. Anajua kwamba sufuria bado ina kitu na wewe umeifunika. Siku zile nilielewa kwa nini watu wengi hawawezi kazi hii: kumimina chakula kunakufanya ujisikie vizuri papo hapo, kupima hakukupi raha yoyote. Wapita njia walioniona nikichota kijiko walicheka. Mmoja alisema bora mbwa aachwe afe kuliko kunyanyaswa hivyo.

Mzee wa chumba cha kwanza hakucheka. Yeye ni mtu wa msikitini, na tangu siku ya kwanza aliniwekea mpaka: “Bwana mdogo, asifike mlangoni kwangu, nakaa na udhu.” Nikamtengea Watasema sahani yake, ndoo yake ya maji na kamba isiyofika barazani. Lakini kila adhuhuri mzee alisimama upande wake wa mpaka na kuuliza, “Amekunywa maji?” Akanisimulia habari inayojulikana katika hadithi za Mtume, ya mtu aliyemwona mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akampandishia, na Mungu akamsamehe dhambi zake. “Hakumbusu,” mzee aliongeza, “alimpa maji.” Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya haki ya mnyama.

Siku ya tatu mtoto wa chumba cha pili, mwenye miaka mitatu na nusu, alimpelekea Watasema tonge la ugali alilolificha nyuma ya mgongo. Mama yake alimuona kabla yangu. Nilitegemea maneno, kwa sababu wiki ile alikuwa ameniuliza, tena mbele ya watu, kama ni kweli nampikia mbwa mayai wakati kuna nyumba watoto wanakula ugali kwa chumvi. Hakufoka. Alimshika mtoto mkono, akachukua lile tonge, akala yeye mwenyewe, kisha akaketi kwenye ngazi yangu.

“Huyu naye walimfanyia hivi,” alisema.

Miaka miwili nyuma alilazwa naye wiki tatu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu na uzito wa kilo sita. Wodini walimpa maziwa maalumu katika kikombe, mililita 65 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kikombe hakikufika hata nusu. “Nikasema moyoni, wananibania kwa kuwa sina pesa. Mtoto analia, maziwa yapo kwenye jagi, nayaona. Usiku nikataka kumwongezea kwa siri. Nesi akaja akakaa kitandani kwangu. Akaniambia, mama, sasa hivi tunaulisha moyo wake. Mwili utafuata.”

Maziwa yale yana jina: F-75. Namba hiyo inataja kalori zilizomo katika mililita 100. Shirika la Afya Duniani limeyaweka kwenye mwongozo wa kutibu watoto wenye utapiamlo mkali: siku za mwanzo hapewi ili anenepe, anapewa ili asife. Ana nishati ndogo, protini ndogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Hali ikitulia ndipo anahamishiwa F-100, yenye kalori 100, na hapo ndipo uzito huanza kupanda. Dalili wanayoisubiri wauguzi ni kurudi kwa hamu ya kula.

Nilikuwa nimesoma mambo haya na kuogopa kuyasema mbele yake. Kuweka mtoto na mbwa kwenye sentensi moja ni jambo linaloweza kuvunja ujirani. Yeye aliyeketi miezi mingi na kumbukumbu ya kikombe kile ndiye aliyeyasema, na hakulinganisha thamani ya mtoto wake na ya mbwa. Alikuwa ameutambua utaratibu. “Njaa ni njaa, mwanangu,” alisema. Kisha, akiinuka: “Ila mayai ni mayai. Kesho nenda buchani, uliza mapupu.”

Sikuwa na jibu kwa swali lake la mayai, na sina hadi leo jibu litakalomridhisha kila mtu. Lakini ushauri wake ulikuwa jibu la aina yake. Mapupu ya ng’ombe ni rahisi, wengi hawayanunui, na yana protini ya kutosha. Alinionesha kuyakata vipande na kuyachemsha muda mrefu, mpaka yasibaki na wekundu wowote. Hapo sayansi na jiko vinakubaliana. Mapafu na maini ya mifugo yanaweza kubeba malengelenge ya maji ambayo ndani yake mna viluwiluwi vya tegu mdogo anayeitwa ekinokokasi. Mbwa akila mabichi, tegu wanakua tumboni mwake, mayai yao yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyo anaweza kuyameza. Malengelenge yanaota kwenye ini au mapafu yake. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo umewahi kupimwa kwa viwango vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Sufuria inayochemka inakata mnyororo wote.

Kiroba cha unga wa ukungu nilikikataa kwa heshima, na ilibidi nieleze sababu. Ukungu fulani wa mahindi hutengeneza sumu, aflatoksini, isiyoondoka kwa kusonga ugali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliugua watu 317. 125 kati yao walifariki. Ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hiyo kama letu, na la mbwa aliyekonda ni dhaifu zaidi. Fundi alikitazama kile kiroba kwa muda. “Na kuku?” aliuliza. Hata kuku, nikamwambia. Akakizika nyuma ya choo.

Tulivyozidi kuzungumza ndivyo nilivyoona kwamba katika lugha yetu chakula cha mbwa ni jina la kitu kilichokwisha kuharibika. Kilichochacha, kilichoungua, mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo hupasuka kama vibanzi na kuchoma utumbo, mabaki ya rosti lililojaa vitunguu. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na Watasema hakuwa na damu ya kuchezea. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Hiyo ilikuwa nusu nyingine ya kazi. Daktari alichukua kinyesi chake, akakitazama kwa hadubini, akakuta mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hao hung’ang’ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Unaweza kumlisha mbwa nyama kila siku na ukawa unawalisha wao. Alipewa dawa, ikarudiwa baada ya wiki mbili, kwa kuwa dozi ya kwanza haiwapati walio njiani kukua. Alitolewa kupe mmoja mmoja masikioni na kati ya vidole, maana wapo wanaobeba magonjwa ya damu yanayomkondesha mbwa hata akila. Meno yalikaguliwa. Alichanjwa kichaa cha mbwa. Kabla ya kuuliza mbwa ale nini, daktari alitaka kujua kinachomla. Na faida haikuwa ya Watasema peke yake: viluwiluwi vya safura ya mbwa hutoboa ngozi ya mtoto anayekanyaga mchanga pekupeku, na mchanga wa chini ya mwembe ndio uwanja wa mpira wa watoto wetu wote.

Kila Jumamosi nilimbeba hadi duka la dawa kwenye mizani ya shilingi mia mbili. Nilipanda naye, kisha bila yeye, nikatoa. Wiki ya pili, kilo 10.4. Wiki ya nne, 11.1. Nilitaka namba iruke. Daktari alifurahi kwamba hairuki. Chakula sasa kilihesabiwa kwa uzito anaokwenda, siyo anaotoka: kwa kilo 14 kanuni ile inatoa kalori 507 za kulala tu, na tukaongeza nusu yake, zikafika karibu 760. Vibaba saba na nusu, mara tatu kwa siku. Asubuhi na jioni tulitembea hadi mtoni na kurudi, mwanzo dakika tano, baadaye nusu saa, ili kinachoongezeka kiwe misuli pia. Wiki ya nane alikuwa na kilo 12.6, na usiku mmoja alibweka. Nyumba nzima ilitoka nje. Hatukuwahi kuisikia sauti yake.

Ipo njia ya kupima isiyohitaji mizani, na nimeifundisha kila aliyeuliza. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Kunjua mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja, pale mifupa inaposikika chini ya nyama kidogo: hapo ni pazuri. Geuza kiganja, bonyeza chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha hivyo, punguza chakula. Watoto wa nyumba yetu walimpima Watasema kutwa nzima. Walikuwa wakibishana kama wazee wa mahakama: ngumi, siyo ngumi, mgongo wa mkono.

Wiki ya kumi na nne mizani ilisema 14. Hapo ikaja kazi ambayo sikuitegemea, kuwazuia watu wasiendelee. Mbwa aliyenawiri anapendwa. Waliomcheka wakati wa kijiko sasa walipita na mikate. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alimsifu mlinzi wake na kumtupia paja zima la kuku, mfupa na vyote, na mtoto wa chumba cha pili akamwambia, “Shikamoo. Amekula tayari.” Mwenye nyumba alicheka, akaokota paja lake.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili. Sijui nitakwenda wapi, na chumba nitakachopata huenda hakiruhusu mbwa. Wenye nyumba wengi hawaruhusu. Hili lilinikosesha usingizi mpaka siku moja nilipokuta ukutani, kando ya ndoo ya maji, kuna chaki. Mama wa chumba cha pili alikuwa amechora mistari, siku saba, na kwenye kila siku nani anapika. Fundi amechukua Jumanne na Ijumaa. Mzee wa chumba cha kwanza hapiki wala hagusi, lakini ameandikwa: maji, kila siku, adhuhuri. Mimi nina Jumatano na Jumapili tu.

Chini ya mistari kuna msumari, na kwenye msumari limening’inizwa kopo la nyanya. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: saba na nusu, usijaze.